Dinari ya Tiberio: Sura na Maandishi Yake

Sarafu yaweza kuhakikiwa kama andiko, kwa kuwa nayo ina mtoaji, ujumbe na wasomaji. Injili haitaji ni Kaisari yupi aliyekuwa kwenye dinari aliyoletewa Bwana wetu hekaluni (Mk 12:13–17). Hata hivyo wataalamu wengi hudhani ni ile ya Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37 B.K., iliyopigwa huko Lugdunum katika Galia.

Ni kipande cha fedha kisichozidi gramu 4. Upande mmoja kuna kichwa cha Kaisari chenye shada la majani, na maandishi ya mkato yanayomtaja kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Upande wa pili ameketi mwanamke mwenye fimbo ya enzi na tawi, ambaye wengi humdhania kuwa Livia, mama yake. Hapo Kaisari aitwa kuhani mkuu.

Kama kazi ya sanaa yastahili sifa: maneno machache, sura tulivu, madai makubwa. Lakini utulivu huo wadanganya. Mwanahistoria Tasito aeleza kwamba mwaka 25 Tiberio aliwakatalia watu wa Hispania ruhusa ya kumjengea hekalu. Sarafu yake haikuwa na kiasi hicho. Tangu mwaka 27 mwenyewe alikaa kisiwani Capri. Sura yake ndiyo iliyotembea mikononi mwa watu, ikabeba madai yake.

Mahubiri mengi juu ya kifungu hiki hugawa maisha mafungu mawili yaliyo sawa: serikali huku, kanisa kule. Sarafu yenyewe yaupinga mgawanyo huo, kwani haidai kodi tu, bali uana wa kimungu na ukuhani pia. Luther naye, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, aliipa serikali mwili na mali, wala hakuipa roho. Bwana aliuliza juu ya sura na juu ya maandishi. Anayekihubiri kifungu hiki kama ruhusa ya kunyamaza mbele ya watawala ameitazama sura, asiyasome maandishi.

Tena, neno la Kigiriki alilolitumia Marko kwa sura ya Kaisari, eikon, ndilo lililomo katika Mwanzo 1:27 ya Septuaginta. Tertuliano aliwahi kufundisha hivyo: fedha irudi kwa Kaisari, mtu arudi kwa Mungu. Kodi na ilipwe, basi. Lakini mhubiri apandaye mimbarani na dinari hii ajiulize kwanza, yeye mwenyewe amepigwa chapa ya nani.