Tai ya Ocol

Katika madarasa mengi ya sekondari Okot p'Bitek hufundishwa kana kwamba alitunga hukumu juu ya nguo. Mwalimu huuliza: Ocol ana kosa gani? Wanafunzi hujibu kwa pamoja: amevaa suti na tai. Jibu huandikwa ubaoni, na somo likaisha.

Jibu hilo naliona pungufu. Ni kweli kwamba katika Wimbo wa Lawino, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa, Lawino anawacheka wasomi wavaao sufu na tai wakati wa jua kali, jasho likiwatiririka. Lakini yeye mwenyewe asema hadharau mila za wageni. Aulizacho ni kwa nini mumewe azidharau za kwao. Kosa la Ocol haliko shingoni, liko kinywani: anamtukana mkewe, mama mkwe wake, na ukoo mzima.

Jambo hili lilinikaa vema nilipojifunza kufunga tai ya kipepeo, hapa Kisugu, Kampala. Ilikuwa tai kuukuu ya hariri, iliyookotwa katika mivumba ya soko la Owino. Si zile zishonwazo fundo kabisa zikatiwa kibanio nyuma, ambazo kwangu ni sawa na kunakili insha ya mwenzio. Mzee mmoja, fundi cherehani, aliniweka mbele ya kioo. Ncha moja iwe ndefu kidogo. Ipite juu ya fupi, ichomoze kutoka chini penye koo. Fupi ikunjwe iwe mabawa; ndefu iangushwe juu yake katikati, kisha nayo ikunjwe na kusukumwa kwa kidole nyuma ya mabawa. Mara ya sita bado ilikaa upande. Mzee akacheka: "Mwanangu, kwani viatu wafungaje?" Nikafumba macho, na vidole vikalijua fundo. Lilikuwa lile lile.

Kazi hii ya mkono Lawino haioni, kwa kuwa hutazama kwa mbali. Hapo ndipo penye upungufu wa sauti yake. Okot alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika utenzi wa mwaka 1970, lakini Ocol hakuwa na la kusema ila laana.

Wapo watawala waliosoma nguo kama wasomavyo wanafunzi wetu. Mobutu alipiga marufuku tai nchini Zaire mwanzoni mwa miaka ya 1970, watumishi wa serikali wakavaa abakosti, hadi katazo likaondolewa mwaka 1990. Shingo zilikuwa wazi miaka yote hiyo, na hazina iliibwa vilevile. Lakini Patrice Lumumba tunamwona katika picha nyingi amevaa tai ya kipepeo, tena imekaa sawasawa. Nani atamwita Ocol?

Basi nitakapofundisha tena kitabu hicho, swali la kwanza ubaoni litakuwa: Ocol anasema nini juu ya mama mkwe wake? Tai tutaifikia baadaye, kengele isipolia.