Jiwe Lisikae Katikati

Mpe mchoraji mgeni ufukwe wa Mwanza, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuliweka Jiwe la Bismarck katikati ya picha. Si ajabu. Jiwe lile limesimama majini karibu kabisa na nchi kavu, juu ya mawe mengine, kana kwamba kuna mtu aliyelipanga. Jina walilolipa Wajerumani limeshazoeleka, na jiwe lenyewe ndilo alama ya jiji. Hata mchoraji mzoefu huenda akaanza hivyo hivyo. Tofauti huonekana baadaye, rangi ikiwa bado mbichi: mzoefu hurudi nyuma hatua kadhaa, akafinya macho, akatazama kwa muda mrefu, kisha akachukua kisu na kulikwangua jiwe alilolihangaikia kutwa nzima.

Nawastahi wachoraji wa mandhari kwa ajili ya saa hiyo ya kukwangua kuliko kwa saa nyingine yoyote. Kuchora kitu kikafanana ni ustadi unaofundishika. Kukiondoa kitu kilichofanana, kwa sababu kinaiharibu picha nzima, kunataka moyo.

Rangi ya mafuta yenyewe inaisaidia subira hiyo. Unga wa rangi husagwa ndani ya mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Hugeuka magumu polepole kwa kunyonya oksijeni ya hewani. Tabaka jembamba la rangi ya udongo wa kahawia huweza kushika kwa siku moja au mbili, lakini rangi nene huweza kubaki laini kwa wiki nzima na zaidi. Katika muda huo picha bado inakubali kurekebishwa. Wingu hufutwa kwa kitambaa chenye tapentaini, ufukwe hushushwa, jiwe huhamishwa. Lakini alama za zamani sharti zikwanguliwe kabla ya kupaka upya, maana mafuta huzidi kupenyeza nuru kadiri miaka inavyopita, na jiwe lililofunikwa kivivu huweza kuchungulia tena baada ya miongo kadhaa.

Kwa nini jiwe lisikae katikati? Jicho likifika pale hupumzika, halina tena sababu ya kutembea. Jiwe likisogezwa pembeni kiasi, upande wa pili hubaki na pengo, na pengo hilo linadai kitu cha kulisawazisha. Hapo ndipo mtumbwi wenye tanga unapopata kazi. Mtumbwi ni mdogo, lakini ukiwekwa mbali, karibu na ukingo wa picha, huwa na uzito wa kutosha kukabiliana na jiwe zima, kama jiwe dogo la mizani lililosogezwa mwisho wa mkono wake. Omo ya mtumbwi nayo iangaliwe: ikielekea nje, jicho litatoka nayo na halitarudi.

Kisha kuna kosa ambalo mtazamaji hulihisi asiweze kulieleza. Kilele cha jiwe kikigusa tu mstari wa ng'ambo, upande wa Sengerema, umbali wote kati yao hufa. Jiwe na milima huonekana vimebandikwa pamoja. Fundi hulipandisha jiwe likavuka mstari ule wazi, au hulishusha chini yake. Ni badiliko la upana wa kidole, na ziwa hufunguka. Lakini jiwe likisogea, kivuli chake majini nacho husogea, na mwanga wa maji yanayokizunguka lazima upangwe upya. Ndiyo maana mchoraji huigeuza picha juu chini, au huitazama kwenye kioo: akiiona kama ya mtu mwingine, kasoro hazijifichi.

Mstari wa upeo nao una hoja yake. Ukipita katikati kabisa, mbingu na maji hugombea ukubwa. Ukishushwa, mawingu ya masika hupata uwanja. Ukipandishwa, maji na wavuvi ndio hutawala. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na kisha London, mara nyingi alichagua njia ya pili. Katika picha zake nyingi ardhi hupanda karibu na ukingo wa juu, na watu wadogo huenea humo wakifanya kazi zao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Hata mabingwa wa mbali walipunguza. John Constable wa Uingereza, kabla ya kumaliza The Hay Wain mwaka 1821, alitanguliza mchoro wa mafuta wenye ukubwa karibu sawa na picha yenyewe. Katika mchoro ule yupo mpanda farasi kando ya maji. Katika picha kamili hayupo, na mkokoteni uliomo mtoni umebaki bila mshindani.

Mwanza inaongeza ugumu wake. Mji uko upande wa mashariki wa ghuba, kwa hiyo asubuhi jua hutoka mgongoni mwa mtazamaji na kuonyesha kila ufa wa mawe. Jioni huzama ng'ambo, na mawe yaleyale huwa weusi mtupu mbele ya maji yanayowaka. Hapa karibu na ikweta machweo hayachelewi. Mchoraji lazima achague saa moja, arudi siku nyingine saa ileile, na aukatae uzuri wa saa nyingine zote. Kuukataa uzuri ulio mbele ya macho yako, ili picha iwe na neno moja tu, ndicho kipimo cha fundi.

Ukimkuta mchoraji Capri Point au kando ya kivuko cha Kamanga, usimwambie kwamba picha ya jana ilikuwa imetosha. Muulize ameondoa nini, na kwa nini. Atakufundisha kulitazama ziwa. Na ukiinunua picha yake usimbane kwa bei, maana kazi aliyoifuta nayo ni sehemu ya unachokinunua.