Kukhu na Elimu ya Udongo

Chungu cha maji kilichofinyangwa vizuri hutoa jasho. Maji hupenya taratibu katika vinyweleo vya udongo hadi nje, hewa inayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya chungu hupoza koo hata saa nane mchana, jua la Februari likiwa utosini. Kukhu, bibi yangu mzaa mama, hakuketi darasani kufundishwa mambo haya. Lakini alijua kufinyanga chungu cha kutoa jasho na chungu cha kuvumilia moto, vyote kwa udongo wa bonde moja. Alikuwa mfinyanzi wa Lunyo, Busia ya upande wa Uganda, tangu usichana mpaka macho yalipomwishia nguvu.

Siku ya mazishi yake wasemaji walimsifu kwa subira. Ni sifa ya haki, ila naiona fupi. Kukhu hakungoja kwa upole wa tabia tu. Alingoja kwa sababu alijua kinachoendelea ndani ya udongo wakati sisi wengine tunaona donge limekaa.

Kazi ilianza kiangazi, baada ya mvua za pili kukatika, pembezoni mwa mafunjo. Udongo mweusi wa juu, uliojaa mizizi, aliutupa. Aliutaka ule wa kijivu ulio chini yake. Alikata kipande, akakiviringisha kwa viganja mpaka kikawa chembamba, kisha akakizungusha kwenye kidole. Kikivunjika mara moja, mchanga umezidi. Kikijikunja bila hata ufa, udongo ni mnono mno, nao utasinyaa vibaya ukikauka. Aliopendezwa nao aliubeba nyumbani, akaulowesha, akaufunika kwa majani ya migomba na kuuacha ulale. Katika kulala huko maji hufikia kila chembe, na udongo unakuwa mtiifu mkononi. Mtoto aliyefunua kabla ya wakati alirudishwa kwa jicho tu.

Kisha vilikuja vigae. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni, kwa maana kwamba mwenye kutengeneza vyungu hubaki na kipande kilichovunjika. Kwa Kukhu kigae kilikuwa mali. Alivitwanga vyungu vilivyovunjika, akachekecha unga wake na kuuchanganya na udongo mpya. Kwa chungu cha kupikia aliacha chembe kubwa na nyingi, maana chungu kikipata moto hutanuka, na chembe hizo huzuia ufa mdogo usikimbie ukawa mkubwa. Kwa chungu cha maji alichekecha zaidi. Na kwa kuwa mama yake naye alikuwa mfinyanzi, vipande vya vyungu vya mama viliingia katika vyungu vya binti, na vya binti vikaingia katika vile alivyowafundishia wajukuu.

Hakutumia gurudumu. Alikalisha kitako cha chungu juu ya kigae kikubwa, akaviringisha udongo kuwa kamba nene, akapandisha mzunguko juu ya mzunguko. Badala ya kukizungusha chungu, alizunguka yeye, ameinama, akirudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje. Kwa kipande cha kibuyu alikwangua mpaka maungio yakapotea na unene ukawa sawa. Akifika nusu alisimama, akaenda kupalilia au kuchambua mboga. Nusu ya chini ilipaswa kukakamaa kiasi cha kubeba nusu ya juu, ila isikauke hata ikakataa kushikana nayo. Alirudi, akaigusa kwa mgongo wa kidole, na ama aliendelea au aliondoka tena.

Mapambo yalikuwa mstari mmoja mpana begani mwa chungu, uliopatikana kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Uzuri wake ulikuwa na kazi: mkono uliolowa maji haukuteleza hapo. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta nakshi za kamba ya namna hiyo kote katika nchi za Maziwa Makuu, nazo zina umri wa karibu miaka 1,000. Kabla yake kulikuwa na vyungu vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Siaya na kuelezwa kitaalamu mwaka 1948. Sisi Wasamia tunatajwa vitabuni kwa wahunzi wetu na majembe yao ya chuma. Wafinyanzi tunawataja kwa uchache, ilhali kazi yao ndiyo iliyodumu ardhini.

Kuchoma kulikuwa mtihani. Vyungu vilikaa kivulini siku nyingi, kisha juani, kisha karibu na makaa, kwa sababu maji yaliyojificha ndani yakipata moto wa ghafla huwa mvuke na kupasua kila kitu. Kukhu alichagua siku isiyo na upepo. Alivipanga juu ya kuni, akavifunika kwa nyasi na samadi kavu ya ng'ombe, na akawasha. Moto wa wazi wa namna hiyo hufika kati ya nyuzi 600 na 900, na udongo ukishavuka takriban 600 haurudi tena kuwa tope. Yeye alisoma rangi: kwanza chungu huwa cheusi kwa masizi, kisha masizi yenyewe huungua na wekundu hutokea. Vilipopoa alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Kilicholia kwa sauti kavu ya kung'aa kilikwenda sokoni. Kilichoitika kwa ubovu alikivunja mwenyewe na kukitia katika rundo la vigae. Hakuwahi kukiuza kwa bei ya chini.

Vyungu vyake vilikwenda Lumino na Busia mjini, na vingine vilivuka mpaka kwa ndugu zetu wa Samia ya Kenya, nchi iliyohesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902. Wilaya yenyewe ilibadilika majina: alizaliwa ikiitwa Bukedi, ikawa Tororo, na tangu 1997 ni Busia. Wanunuzi walitambua mkono wake kwa mdomo wa chungu, uliopinda nje kidogo. Kimoja kilipikiwa mrenda, kingine kilihifadhi maji, na kikubwa kuliko vyote kiliwekwa katikati ya wazee, kikijaa pombe ya malwa, mirija mirefu ikielekea kila upande.

Sufuria na jerikeni vilipunguza wanunuzi, naye hakuvilaumu. Lakini elimu yake bado ina soko. Wanawake wafinyanzi wa magharibi mwa Kenya wamefinyanga majiko ya Upesi yanayopunguza kuni, wakitegemea ujuzi ule ule wa udongo unaovumilia moto. Naye Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alijifunza kufinyanga kwa mkono huko Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, penye wanawake kama Ladi Kwali. Leo vyungu vyake, visivyoguswa na gurudumu, vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Nikitazama picha za kazi zake namwona mtu wa ukoo mmoja wa kazi na Kukhu.

Kukhu alifundisha kwa swali moja. Chungu cha mwanafunzi kikipasuka, hakugomba. Aliushika ule ufa, akauliza: "Hapa uliharakisha wapi?" Ufa wa kitako ulisema jambo moja, ufa wa mdomo jambo jingine, nasi tulilazimika kuirudia njia yote kichwani mpaka tupaone. Binamu yangu ndiye aliyejibu swali hilo mara nyingi kuliko sisi wote, na sasa ndiye mfinyanzi. Kila kiangazi hushuka bondeni kuchimba, na huwapokea wasichana wanaotaka kujifunza, na wavulana pia. Kazi ya kwanza anayowapa ni kutwanga vigae.