Miezi Kumi Iliyofungua Mlango wa Mahakama

Mfungwa akishamaliza kutumikia kifungo, je, bado anaweza kuipinga hukumu iliyompa kifungo hicho? Mwaka 1995 swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Garlotte dhidi ya Fordice.

Mwombaji, Garlotte, alikuwa mfungwa wa jimbo la Mississippi. Alihukumiwa miaka 3 kwa kosa la bangi, kisha vifungo viwili vya maisha kwa mauaji, vyote viwili vikienda pamoja. Cha bangi kilitangulia. Sheria ya jimbo ilimtaka akae gerezani si chini ya miezi 10 kwa bangi na miaka 10 kwa mauaji. Kwa hiyo bangi ilimcheleweshea parole, yaani kuachiliwa mapema kwa masharti.

Alianzia mahakama za jimbo. Aliposhindwa huko, muda wa kifungo cha bangi nao ulikuwa umekwisha. Alipokwenda mahakama za shirikisho, jimbo lilijitetea hivi: sheria humsikiliza aliye kifungoni kwa hukumu anayoipinga, na huyu kwa bangi si mfungwa tena. Mahakama ya rufaa ikakubali, ikalitupa ombi.

Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, kulikuwa na mashauri mawili ya awali ya kufuata. Peyton dhidi ya Rowe, la 1968, liliruhusu mfungwa kupinga kifungo ambacho hajaanza kukitumikia, kwa kuwa vifungo vya mfululizo huhesabiwa kwa jumla. Maleng dhidi ya Cook, la 1989, lilimkatalia aliyekwisha kumaliza kifungo cha zamani, hata kama kilimwongezea adhabu ya kosa la baadaye.

Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya majaji 7 kati ya 9, alifuata Peyton. Ikiwa kifungo kijacho ni sehemu ya kifungo cha leo, kilichotangulia nacho ni sehemu yake. Mfungwa huyu hakuwahi kutoka gerezani, na hukumu ya bangi ikifutwa, tarehe ya parole inasogea karibu. Jimbo lilihofia maombi yatakayoletwa ushahidi umeshachakaa. Mahakama ikajibu kwamba kanuni za wakati huo tayari ziliruhusu kulitupa ombi lililocheleweshwa hadi kuliumiza jimbo.

Uamuzi huo haukufuta hukumu ya bangi. Ulimpa mfungwa haki ya kusikilizwa. Naona ulikuwa wa haki. Bila huo, kifungo kifupi kinachotangulia kingekwisha kabla mahakama hazijamaliza kazi yake, na kosa lililomo ndani yake lisingerekebishwa kamwe.