Shylock Bila Sauti: Filamu ya 1923, Mabepari wa Venisi na Hadhira ya Bangale

Makala haya yanachunguza swali moja: tamthilia inapohamishwa kutoka jukwaani hadi kwenye filamu bubu, mhusika aliyenyang'anywa maneno yake hubaki na nini? Mfano wetu ni Der Kaufmann von Venedig, filamu ya Kijerumani iliyoongozwa na Peter Paul Felner mwaka 1923 kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Msomaji wa Kiswahili anaijua tamthilia hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969.

Felner alipiga picha katika mji wa Venisi wenyewe, na kwa upande wa mandhari filamu ilipata kile ambacho jukwaa haliwezi kutoa. Lakini nguvu ya Shylock haimo katika mandhari. Imo katika hoja. Katika tendo la tatu anawauliza wanaomdhihaki iwapo mwili na hisia za Myahudi si sawa na za Mkristo, kisha anaigeuza hoja hiyo kuwa haki ya kulipiza kisasi. Ni utetezi na tishio kwa pamoja. Maandishi machache yanayopachikwa kati ya picha hayawezi kubeba hotuba yenye mizunguko hiyo. Kinachobaki ni uso, mikono na kisu.

Uso wenyewe ulikuwa wa Werner Krauss. Mwaka 1922 alikuwa ameigiza Nathan, Myahudi mwenye hekima, katika filamu ya Manfred Noa iliyotokana na tamthilia ya Lessing. Mwaka 1940 aliigiza Wayahudi kadhaa katika Jud Süß, filamu ya propaganda ya Wanazi. Huenda mhakiki akapinga kwamba Jud Süß ilikuwa na sauti. Ni kweli, na pingamizi hilo linatusaidia kuinyoosha hoja yetu: kinachomlinda mhusika si sauti, bali ni nafasi ya kujitetea. Uso usio na hoja humtumikia yeyote anayeumiliki.

Nyerere alishika njia nyingine. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara kabla ya kumaanisha mnyonyaji. Anwani yake, iliyotoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, imo katika wingi: Antonio naye amo. Lawama inahamishwa kutoka dini hadi tabaka. Hata hivyo, anwani inaahidi kisichotimizwa na msuko. Anayepoteza mali na kulazimishwa kubadili dini ni Shylock peke yake; mabepari wengine wanarudi kwenye karamu.

Tuifikirie sasa hadhira ya Bangale, katika kaunti ya Tana River, mji wa wafugaji ambao wengi wao ni Waislamu. Kwao riba ni haramu, na mkopeshaji amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Asipokifungua kabisa, hukumu itateleza kutoka kwenye riba na kuwaangukia Wayahudi wote. Jambo hili si la maktabani tu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta ya kaunti hiyo hiyo, katika mapigano ya Wapokomo na Waorma. Wakulima na wafugaji waliogombea ardhi na maji waliuana kwa majina ya makabila. Hata watoto hawakuulizwa neno.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwalimu atakayeionyesha filamu hii aisimamishe penye hotuba ya Shylock, na mwanafunzi mmoja aisome kwa sauti kutoka katika Mabepari wa Venisi. Watazamaji wa vibanda vya video wamezoea mfasiri anayesema juu ya picha. Utaratibu huo si mgeni kwao. Baada ya hapo hadhira ina hiari ya kumhukumu Shylock, lakini itakuwa imemhukumu mtu iliyekwisha kumsikiliza.