Ukumbusho wa Mtarjumani na Kazi ya Ulimi

Katika maonyesho makubwa ya Portland, Marekani, mwaka 1905, ilizinduliwa sanamu ya shaba iliyofinyangwa na Alice Cooper kwa taadhima ya Sacagawea, mwanamke wa Kishoshoni aliyefuatana na msafara wa Lewis na Clark karne moja kabla, naye ameonyeshwa amembeba mwanawe mgongoni na mkono ameunyosha mbele kama kiongozi wa njia. Ustadi wa mchongaji hauna shaka. Lakini jambo lililofanya mwanamke huyo ahitajiwe msafarani lilikuwa ulimi, kwani walipopatana na Washoshoni bei ya farasi, aliyatia maneno yao katika Kihidatsa, mumewe Charbonneau akayageuza Kifaransa, na Labiche akayafikisha kwa wakuu wa msafara kwa Kiingereza.

Mnyororo kama huo haukuwa mgeni Tabora. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipowasili Kaze, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, Speke, ambaye hakujua Kiarabu wala Kiswahili, alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akasema Kiswahili na wengine. Na mwaka uliofuata, Speke alipokwenda ziwa Nyanza bila mwenzake, habari alizorudi nazo Burton alizitilia shaka, akidai kuwa zilipotoka katika kupokezana kwa ndimi.

Wanawake nao walikuwamo safarini, ila aghalabu majina yao hayakuandikwa. Miongoni mwa wachache waliobahatika ni Halima, mpishi wa msafiri Livingstone, ambaye bwana wake alimsifu katika shajara ya 1872 kwa uaminifu, akakusudia kumpa uhuru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Hata hivyo, tembe la Kwihara, karibu na Tabora, ambamo Livingstone alikaa mwaka huohuo akingoja wapagazi kutoka pwani, linajulikana kwa jina la Livingstone peke yake.

Basi mchongaji atakayepewa kazi ya kuwakumbuka watarjumani na wanawake wa njia ya misafara ya Tabora, asitafute mkono wa kunyoshwa. Mtarjumani amwonyeshe ameketi kati ya wawili, uso kwa huyu na sikio kwa yule. Mpishi amwonyeshe mbele ya mafiga. Na jina la kila mmoja, maadamu limehifadhiwa, alichonge kwa herufi kubwa sawa na za msafiri. Ukumbusho usioonyesha kazi ya mtu humpa heshima isiyokuwa yake.