Abiria wa Dakika Ishirini

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilivamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria waliamriwa wajitenge, Waislamu huku, Wakristo kule. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya amri ile. Mwaka mmoja tu kabla, Novemba 2014, watu 28 waliokuwa wakisafiri kwa basi waliuawa katika kaunti hiyohiyo baada ya kutengwa vivyo hivyo. Safari hii Waislamu walikataa kuachana na wenzao. Wanawake wakawapa Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari iliyofuata akafariki.

Kisa kizito namna hii humshawishi msimulizi asiache kitu: historia ya mpaka, utoto wa mwalimu, vikao vya wapiganaji, mazishi. Katja Benrath, alipokuwa akihitimu masomo ya uongozaji filamu mjini Hamburg, alikitengenezea filamu ya dakika 22. Inaitwa Watu Wote. Ilitoka 2017, wahusika wake wanazungumza Kiswahili na Kisomali, na 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu fupi tano zilizowania Oscar. Tunaingia ndani ya basi pamoja na Jua, mwanamke Mkristo aliyepoteza mume na mtoto kwa mikono ya magaidi, na ambaye sasa ameketi katikati ya abiria aliokwisha kuwahukumu moyoni. Hapo ndipo ninapouona ujuzi wa mwongozaji. Kwamba bunduki zitakuja, tunalijua hata kabla filamu haijaanza. Tusilolijua ni kama mama huyu ataweza kumtazama jirani yake usoni. Mtu mmoja, swali moja, barabara moja. Mengine yote yamebaki kituoni.

Miaka saba kabla yake, mwongozaji wa Ubelgiji, Ivan Goldschmidt, alikuwa amesimamisha gari jingine la abiria katika barabara ya Burundi. Na Wewe, filamu yake ya 2010, ina dakika 19, na kisa chake ni cha 1994, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimewaka. Waasi wanawashusha watu kwenye gari dogo na kuwataka Wahutu na Watutsi wajipange mbalimbali. Wanapoanza kuwahoji mmoja mmoja, majibu hayaingii katika mafungu mawili waliyoyaandaa, na mtazamaji anajikuta akicheka huku roho iko mkononi. Hiyo nayo ilifika Oscar.

Sidhani ilikuwa bahati tu kwamba wote wawili walipanda gari. Filamu ya saa mbili ina nafasi ya kueleza watu walikutanaje, nani ni shemeji wa nani, ugomvi ulianzia wapi. Filamu ya dakika ishirini haina. Ndani ya basi hakuna anayeuliza kwa nini hawa wako pamoja: wamekata tiketi, basi. Wana mlango mmoja, hawakuchaguana, na kila mmoja anakwenda mahali ambapo mwenzake hatafika. Mwongozaji mwenye fedha kidogo anapata jukwaa lililokwisha kujengwa, na mwandishi anapata watu ambao kimya chao tayari kina mvutano.

Na gari la namna hiyo lilikwisha kutembea zamani. Mwaka 1963 Ousmane Sembène, Msenegali aliyewahi kuwa kuli bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya, kisha mwanafunzi wa filamu Moscow akiwa mtu mzima, alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika kama ishirini kuhusu mwenye gari la farasi mjini Dakar. Nimeitazama mara nyingi na bado sijaona sehemu ya kupunguza. Asubuhi mtu huyu anasali, anamuaga mkewe, anatoka kutafuta riziki. Anapanda huyu, anapanda yule. Wengine hawana hata senti ya kulipa na anajua hivyo. Anapakia matofali. Anampeleka mjamzito hospitalini. Msifu nasaba anamkuta njiani na kuanza kuimba ukuu wa mababu zake, naye, mtu ambaye hajala, anamtolea pesa zote alizopata. Kisha baba mmoja anapanda akiwa na maiti ya mtoto wake mchanga mikononi. Makaburini karatasi zake zinakataliwa. Mwenye gari anamwacha pale na maiti yake, anageuza farasi.

Hapo kwenye kugeuza farasi ndipo mwongozaji wa kawaida angeweka machozi. Sembène hakuweka. Mtu yuko kazini na siku haijaisha.

Mteja wa mwisho amevaa vizuri na anataka kupelekwa Plateau, mtaa wa wakubwa, ambako magari ya farasi hayaruhusiwi. Muziki unabadilika, unakuwa wa Kizungu; majengo yanarefuka; kamera inayatazama kama mgeni anavyotazama. Askari anamsimamisha. Anapotoa karatasi zake, nishani yake inaanguka chini, na askari anaikanyaga kwa kiatu. Gari linachukuliwa. Mteja amekwisha kutoweka bila kulipa. Mtu anarudi nyumbani na farasi wake tu, mikono mitupu, na mkewe anamkabidhi mtoto, anamwambia kwamba usiku huu watakula, anatoka. Filamu imekwisha.

Anakwenda wapi? Sembène hasemi. Dakika mbili zaidi na angelazimika kutuonyesha mlango alioingia, na sisi tungemhukumu au tungemhurumia, tukaenda kulala. Kwa kukata pale alipokata, ametuachia kazi mikononi, na mtazamaji wa leo, zaidi ya miaka sitini baadaye, bado anaifanya. Huo ndio ufundi ninaoupenda kuliko wote katika sanaa hii: kujua sekunde gani mtazamaji amekwisha kupata anachohitaji, na kumwamini.

Tena ikumbukwe kwamba filamu za Waafrika weusi wa makoloni ya Ufaransa zilianza hivyo, fupi, kwa kulazimishwa na mazingira. Amri ya serikali ya Ufaransa ya 1934 iliyobeba jina la Laval ilitaka kibali kwa yeyote aliyetaka kupiga picha za filamu katika makoloni yake ya Afrika. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake, waliosomea filamu Paris, wakageuza kamera palepale Paris na kuwatazama Waafrika wa mji ule. Afrique-sur-Seine ya 1955 ina dakika 21. Walichonyimwa kwao walikifanyia ugenini, na walikifanya kwa ufupi kwa sababu ndicho walichokimudu.

Sisemi hivyo ili kuusifu umaskini. Mwongozaji anayeazima taa, anayemwomba mjomba gari kwa siku mbili, anayewalisha waigizaji wali maharage kwa mshahara wake wa ualimu, hastahili kuambiwa kwamba dhiki inamfaa. Inamchosha. Mara nyingi inamharibia hasa sauti, kwa maana picha inaweza kupigwa kwa jua la bure, lakini sauti haijali huruma: jenereta la jirani linanguruma, bodaboda inapita katikati ya neno la mwisho, na sini nzima inarudiwa jua likiwa linazama. Ninachosifu ni akili inayofanya kazi ndani ya mipaka ile. Ukiwa na siku tatu za kupiga picha, unaulizwa kila asubuhi ni sini ipi filamu haiwezi kuishi bila yake.

Soko limezoea kuuliza kinyume chake. Wapenzi wa Bongo Movie wanakumbuka enzi za DVD, kisa kimoja kikigawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili kiuzwe mara mbili. Gari lilipiga honi getini, mlinzi akafungua taratibu, gari likaingia, likaegeshwa, mlango ukafunguliwa, na mazungumzo yakawa bado hayajaanza. Wasanii hodari walifanya kazi nzuri hata ndani ya mtindo ule, na watazamaji waliwapenda kwa haki. Lakini urefu ulitoka dukani, haukutoka kwenye kisa. Filamu fupi haina duka. Hakuna anayekata tiketi ya dakika kumi na tano. Anayeitengeneza anajua tangu mwanzo kwamba haitamlipa kodi ya nyumba, na ndiyo maana akikosea anakosea kwa imani yake mwenyewe.

Kutokuwa na duka kunampa pia uhuru wa kuthubutu. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, ya dakika kama 21, juu ya Afrika Mashariki ya baadaye, baada ya vita vya dunia vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani, wanazalisha umeme kwa miguu yao, jasho na mkojo vinasafishwa vinyweke tena. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu humo, ananyimwa ruhusa ya kutoka, anatoka. Mwenye mamilioni asingekubali kuyaweka katika filamu ya Kiafrika ya mambo ya baadaye isiyo na vita hata kimoja mbele ya kamera. Kahiu aliwekeza kila kitu katika tone la maji. Tunapomwona Asha jangwani akigawana na mche maji machache aliyobaki nayo, tone lina thamani kwa sababu dakika zote zilizotangulia zilitufundisha kulihesabu. Januari 2010 filamu ilikuwa Sundance.

Kuna wanaoiona filamu fupi kama ngazi, mahali pa kujifunzia kabla ya kufika kwenye kazi ya kweli. Kahiu kweli alikuja kutengeneza Rafiki, na Amil Shivji, aliyetupa Shoeshine mwaka 2013, kijana mpiga kiwi jijini Dar es Salaam na wateja wa matabaka mbalimbali, alifika Vuta N'Kuvute ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Lakini Djibril Diop Mambéty alikwenda njia nyingine. Alikuwa amekwisha kutoa filamu ndefu zilizomjengea jina duniani alipogeukia hadithi tatu za dakika arobaini na kitu kuhusu watu wadogo wa Dakar. Le Franc ya 1994 ni juu ya mwanamuziki aliyebandika tiketi yake ya bahati nasibu mlangoni. Imeshinda, haibanduki, na anaubeba mlango mzima mjini, mwaka uleule ambao faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu. Ya pili ni ya Sili, msichana wa magongo anayeamua kuuza magazeti kama wavulana. Mambéty alifariki Julai 1998, kabla haijaonyeshwa. Ya tatu haikuwahi kutengenezwa. Bingwa aliyerudi kwenye ufupi kwa hiari yake, hilo ni la kutazamwa kwa makini na kila anayedhani fupi ni ya wanafunzi.

Linaloniuma ni hili: mabasi yetu mawili mashuhuri zaidi yaliongozwa na Wazungu. Siwalaumu, walifanya kazi kwa heshima na pamoja na watu wa huku. Lakini Samuel Ishimwe wa Rwanda, aliyepata Dubu wa Fedha Berlin mwaka 2018 kwa Imfura, anaonyesha tunachokikosa. Kijana wake, Gisa, anakwenda kijiji cha mama yake aliyepotea wakati wa mauaji ya kimbari, na kuwakuta ndugu wakigombania nyumba ya mama huyo. Hakuna bunduki wala kelele. Kuna watu wa ukoo mmoja na mabaki ya nyumba. Mgeni angeona ugomvi wa kiwanja tu.

Na filamu hizi zionwe wapi? Tamasha la Zanzibar, ndani ya Ngome Kongwe, limezionyesha miaka mingi, lakini ni siku chache kwa mwaka na ni kisiwani. Mimi ninafikiria vibanda umiza. Kila wikiendi, kuanzia Buza hadi Bukoba, watu hulipa kiingilio mapema ili wapate benchi, kisha hukaa wakitazama matangazo na wachambuzi mpaka mpira uanze. Muda ule unatosha Borom Sarret nzima. Wenye vibanda wana projekta, wana spika, na wana watu waliokwisha kuketi. Waongozaji wetu wawaendee na filamu zao kwenye flashi.